Siku Saba za Bure

Mwenye duka alikuwa ameshakunjua mita sitini na sita za kitambaa cha kijani juu ya kaunta. Alizipima mara mbili, kwa sababu fundi cherehani aliyesimama mbele yake alimwambia apime mara mbili, na sasa mkasi ulikuwa mkononi mwake ukisubiri neno tu. Kilichobaki ni kulipa. Fundi akatoa kadi ya benki kwenye pochi, akaifuta kwenye gauni lake, akaichomeka mwenyewe kwenye mashine na kubonyeza tarakimu zake nne huku amezikinga kwa mkono wa pili. Mashine ikakaa kimya kidogo, ikalia, ikatema kikaratasi.

"Salio halitoshi," mwenye duka akasoma.

"Rudia."

Akarudia. Mashine ikatema kikaratasi kingine cha maneno yale yale.

"Hiyo mashine yako ina matatizo," fundi akasema. "Humo ndani mna laki mbili na ishirini. Ziliingia juzi, nimeona ujumbe kwa macho yangu."

Nyuma yake walikuwa wamesimama wateja watatu. Mmoja akakohoa kile kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Mwenye duka akachomeka kadi ya mteja huyo, mashine ikafanya kazi vizuri bila kulia hata mara moja, na kila mtu dukani akaona.

"Fundi, mimi na wewe hatugombani," mwenye duka akasema, akianza kulikunja jora. "Kama pesa hazijaingia, sema tu hazijaingia. Ila umenikunjulisha jora zima watu wakisubiri."

"Nikatie, Ijumaa nakuletea."

"Kwangu mkopo alizikwa nao marehemu baba. Alikuwa akiwakopesha mafundi cherehani."

Wateja wakacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa anafanya hesabu kichwani, na hesabu ilikuwa inakataa, kwa sababu zile pesa hazikuwa zake. Zilikuwa za wanawake ishirini na wawili wanaofagia na kupiga deki hospitali kuu. Kampuni ya usafi iliyowaajiri ilikuwa imebadilisha rangi ya sare, kutoka bluu kwenda kijani, na ikatangaza kwamba kuanzia Jumatatu ijayo asiyevaa kijani hapiti getini, na asiyepita getini halipwi siku hiyo. Sare yenyewe kila mmoja ajigharimie. Wanawake wakachanga elfu kumi kumi kwa ajili ya kitambaa, uzi na vifungo, wakakubaliana na fundi kwamba ujira wake watamlipa wakipata mshahara. Pesa zote ziliingia kwenye akaunti yake Jumamosi. Hii ilikuwa Jumatatu.

*

Nyumbani alimkuta bintiye amerudi kutoka shule na mumewe yuko sakafuni anafungua koki ya zamani ili apate mpira wa ndani. Mumewe ni fundi bomba, na tangu mwezi uliopita alikuwa akimdai mwenye nyumba mmoja ambaye akimwona njiani huingia duka lolote lililo karibu, hata liwe la majeneza. Kwa hiyo ndani hamkuwa na akiba ya kusema ngoja tuzibe hili na lile.

"Nisomee ujumbe wa benki," fundi akamwambia binti, akamtupia simu mezani. "Wote. Hata ule wa matangazo."

Binti alikuwa na miaka kumi na saba na vidole vyepesi. Akaanza kusoma, na sauti yake ikawa inapungua kadiri alivyokuwa anaendelea.

"Jumamosi, saa nne na dakika tisa. Umepokea laki mbili na ishirini." Akateremsha kidole. "Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili. Umelipa laki mbili. Uanachama wa mwaka."

"Uanachama wa nini?"

Binti alikuwa ameshajua, na uso ulikuwa umemshuka.

"Wa nini, mama?" fundi akauliza tena kwa upole, na akimwita bintiye mama hivyo, ujue ana hasira.

"Ile aplikesheni ya mitindo. Ya mkono wa bibi harusi."

Fundi akaketi. Miezi minne nyuma alikuja bibi harusi mmoja na picha ya gauni ambalo mkono wake ulikuwa umeumuka begani, ukabanwa kwenye kiwiko, halafu ukafunguka tena. Fundi aliugeuza ule mkono kichwani siku mbili asipate pa kuanzia mkasi. Binti ndiye aliyemtafutia kwenye simu aplikesheni yenye michoro ya kukatia nguo. Iliandikwa kwa herufi kubwa: siku saba bure. Chini yake wakataka namba ya kadi, ati kuthibitisha tu. Fundi alicheka siku ile. Akasema waandikie, maana kwenye hiyo akaunti hata panya akiingia atatoka analia. Wakapata mchoro wao, mkono ukashonwa, bibi harusi akaolewa, na hakuna aliyeigusa tena ile aplikesheni.

"Lakini sikuinunua," akasema. "Nilijaribu."

"Ilitakiwa tuseme hatutaki, mama. Kabla ya siku ya saba. Usiposema, wanahesabu umenunua."

Hilo ndilo lililomwasha. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye cherehani, na kwa miaka kumi na tisa wanawake walikuwa wakija kwake kujaribu nguo. Mtu anavaa, anageuka mbele ya kioo, anajitazama makalio, anauliza bei, anavua, anaondoka. Asiporudi, nguo ni ya fundi. Hakuna fundi duniani aliyewahi kumfuata mtu nyumbani kwake, akaingia chumbani, akafungua droo na kuchukua pesa kwa sababu mtu huyo alijaribu gauni akasahau kusema silitaki. Huyo angepigwa, na angestahili.

"Na hizi nyingine ni nini?" mumewe akauliza. Alikuwa ameinuka, anasoma kwa juu ya bega la binti.

Zilikuwa tisa. Malipo yameshindikana, tutajaribu tena. Malipo yameshindikana, tutajaribu tena. Wote wawili, mama na binti, walikuwa wakiziona zinaingia na kuzidhania ni matangazo.

"Walikuwa wanakuvizia," mumewe akasema. "Miezi minne watu wamekaa mlangoni kwako wanasubiri uingize kitu. Kimeingia, dakika tatu, wamebeba."

"Ni kosa langu," binti akasema.

"Si kosa lako. Kosa ni la mwizi." Fundi alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kisha akamtazama mumewe. "Kesho jioni wale wanawake wanakuja kupimwa. Nitawaambia nini?"

Mumewe akakuna kichwa. "Waambie kitambaa kimeisha dukani. Kinaletwa wiki ijayo. Fundi cherehani akisema hivyo nani atashangaa?"

Alikuwa na nia njema, na ndiyo maana maneno yake yalimchoma mkewe zaidi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Leo. Jina hilo alilipata kwa sababu mafundi wengine wote walikuwa na wimbo mmoja, njoo kesho, bado vifungo, umeme ulikatika, na yeye peke yake akikuambia Alhamisi, unakuja Alhamisi unaikuta nguo imepigwa pasi. Hilo ndilo lililowaleta wale ishirini na wawili kwake, wakapita vibanda sita vya mafundi wa bei rahisi.

"Nikiwaambia hivyo," akasema, "basi na mimi nimewaibia."

*

Benki ilifunguliwa saa mbili na nusu. Akapewa namba hamsini na tatu, akakaa kwenye kiti cha chuma mpaka saa tano kasoro. Kijana wa dirishani alikuwa na tai nzuri na kola ya shati iliyoshonwa vibaya, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Fundi aliiona kabla hajaona uso.

Akaeleza. Kijana akamsikiliza huku anabonyeza bonyeza kompyuta.

"Namba ya kadi uliiweka wewe?"

"Binti yangu. Kwa ruhusa yangu."

"Basi ulikubali."

"Nilikubali siku saba za bure."

"Na masharti yanayofuata baada ya siku saba. Yameandikwa pale."

"Wapi?"

Kijana akafungua ukurasa wa ile aplikesheni, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Chini kabisa kulikuwa na mistari ya herufi ndogo, za rangi ya majivu juu ya nyeupe, kama vile aliyeandika aliona aibu.

"Mwanangu," fundi akasema, "mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Na hayo siyaoni."

"Naelewa, mama. Lakini mfumo unaonyesha ulikubali."

Akampa fomu. Mahali pa kuandika sababu ya kubishia malipo palikuwa na visanduku: kadi imeibwa, bidhaa haikufika, bidhaa ina kasoro, umelipishwa mara mbili. Fundi akavisoma vyote kwa kidole.

"Changu hakipo."

"Chako kipi?"

"Nilijaribu, sikununua."

"Weka alama kwenye mengineyo."

Akaweka alama kwenye mengineyo. Akaandika maneno yake kwenye mstari mmoja waliompa, mstari ukaisha, akaendelea pembeni mwa karatasi mpaka chini. Kijana akaitazama ile karatasi kama sahani iliyooshwa nusu.

"Jibu ni ndani ya siku arobaini na tano za kazi."

"Mimi nina siku tano. Zote za kazi."

"Utaratibu ndio huo, mama. Na nakushauri tuifunge kadi hii, vinginevyo wanaweza kukata tena. Kadi mpya ni elfu tano."

Fundi alidhani amesikia vibaya. Akamwomba arudie, kijana akarudia, elfu tano, inakatwa kwenye akaunti moja kwa moja, hahitaji kuhangaika. Katika zile elfu ishirini zilizokuwa zimesalimika, benki ikachukua zake tano ili kumlinda asiibiwe. Alipotoka nje alisimama kwenye ngazi muda mrefu. Mlinzi akamwomba asogee, wateja wapite.

Mchana ukawa wa ile kampuni ya aplikesheni yenyewe. Kampuni haikuwa na ofisi, haikuwa na mlango, ilikuwa na namba ya simu tu, na kwenye namba hiyo alikaa mwanamke wa kurekodiwa aliyekuwa na furaha isiyo na sababu. Kwa huduma fulani bonyeza moja, kwa huduma nyingine bonyeza mbili. Kurudishiwa pesa hakukuwa na namba. Binti, ambaye siku hiyo hakwenda shule na hakuna aliyemuuliza, akagundua kwamba wanaweza kuandika ndani ya aplikesheni. Akaandika mama yake akimtamkia. Majibu yakaja haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma.

"Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kusikia hayo," binti akasoma. "Je, umejaribu mitindo yetu mipya ya msimu?"

"Mwandikie, nataka laki mbili za watu."

"Anasema: mteja wetu mpendwa, uanachama wako ni halali hadi mwaka ujao. Furahia michoro zaidi ya elfu kumi."

"Mwulize ni mtu au ni mashine."

Binti akauliza. "Anasema: niko hapa kukusaidia."

"Mwulize ana mama."

"Mama, jamani."

"Mwulize."

Binti hakuuliza hilo. Aliandika maneno yake mwenyewe, marefu, kuhusu hospitali, geti, kitambaa cha kijani na Jumatatu, akayatuma huku amejiuma mdomo. Safari hii jibu halikuja haraka. Halikuja kabisa, mpaka jua likaanza kushuka na wanawake wakabisha hodi.

*

Walikuja kumi na wawili, waliobaki walikuwa zamu. Mbele yao alikuwa yule wanayemwita Kamanda, mwanamke mfupi, mpana, ambaye mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa ya kusafishia sakafu. Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo. Wakajipanga ukutani, wengine wakabaki mlangoni, na wawili wakaanza kuvua masweta ili wapimwe.

"Msivue kwanza," fundi akasema.

Akawaambia. Hakupunguza kitu na hakuongeza. Akataja mkono wa bibi harusi, siku saba, dakika tatu, mkasi wa mwenye duka na elfu tano za benki. Alipomaliza, kilichosikika ni sweta moja likivaliwa tena.

"Kwa hiyo simu imekula pesa zetu," Kamanda akasema.

"Kampuni. Kupitia simu."

"Kampuni gani? Iko wapi, twende sasa hivi."

"Haina mahali."

Wakatazamana. Mwanamke mmoja mwembamba wa zamu ya jioni, ambaye siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja ili aje kupimwa, akaguna. "Fundi, si useme tu umezitumia. Sisi sote ni watu wazima. Mumeo hana kazi, tunajua. Ungesema nimebanwa nikazigusa, tungekuelewa. Lakini kutuletea hadithi ya mkono wa gauni, hapana. Hiyo ni dharau."

Kwa miaka yote fundi hajawahi kuitwa mwongo ndani ya chumba hicho, na sasa ameitwa mbele ya mwanawe, kwa upole, na mtu ambaye alikuwa na haki ya kukasirika. Mumewe alikuwa amesimama mlango wa pili, akatamani sakafu impokee. Binti ndiye aliyeinua simu.

"Wamejibu," akasema. "Wamejibu sasa hivi."

"Soma," Kamanda akasema. "Soma kwa sauti, na mimi nikiwa nyuma yako nasoma kimya."

Binti akasoma. Mteja wetu mpendwa, baada ya kuzingatia hali yako, kampuni iko tayari kukurudishia nusu ya malipo, yaani laki moja, ndani ya saa ishirini na nne. Ili kupokea, thibitisha kwa kubonyeza hapa chini kwamba uliyafahamu masharti na kuyakubali kwa hiari yako, kwamba malipo yalikuwa sahihi, na kwamba hutadai tena popote, ikiwemo benki.

Kamanda alikuwa amemaliza kusoma kabla ya binti. Akamtazama fundi kwa jicho tofauti.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Ni kweli."

"Nusu ni bora kuliko hewa," mmoja akasema kutoka mlangoni.

"Sibonyezi," fundi akasema. "Wanataka niseme nilijua. Wanataka niandike kwa mkono wangu kwamba nilichukua laki mbili za watu masikini nikanunua michoro kwa hiari yangu. Halafu benki wakiniuliza, wataonyeshwa hiyo. Mimi si mwongo na si mwizi, wao ndio wezi, na wanataka cheti kutoka kwangu. Nitangoja hizo siku arobaini na tano. Nitazipata zote."

"Siku arobaini na tano," Kamanda akasema polepole.

"Nitazipata."

"Fundi, nisikilize. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mimi nasimama mbele ya yule msimamizi. Ataniangalia rangi. Hataniuliza nani ni mwongo na nani ni mkweli." Akanyoosha mikono yake ile iliyobabuka, si kwa kuonyesha, ila kwa kuwa hakujua pa kuiweka. "Heshima yako naijua, ndiyo iliyonileta hapa. Lakini siwezi kuivaa."

Fundi akageukia cherehani, akaushika mkanda wake, akauachia. Kisha akamnyooshea mkono bintiye, akapokea simu. Kitufe kilikuwa kikubwa, cha kijani, herufi nene, hakihitaji miwani. Nakubali. Hivyo ndivyo walivyoandika pale walipotaka mtu aone.

Akabonyeza.

"Mungu awalaani," akasema, na Kamanda, ambaye alikuwa mtu wa ibada, akaitikia amina.

*

Laki moja iliyorudi kesho yake, pamoja na zile elfu kumi na tano zilizobaki benki, zinatoa kitambaa cha sare kumi na moja, uzi, vifungo, na chenji ya kununulia sukari. Wanawake walikuwa ishirini na wawili. Kamanda ndiye aliyesema zamu ziko mbili. Kumi na mmoja huingia asubuhi na kutoka saa nane mchana, kumi na mmoja huingia saa nane na kutoka saa nne usiku. Wavae sare moja wawili, mpaka mshahara utoke.

Fundi alidhani kazi itakuwa kuwapanga kwa maumbo, mnene na mnene mwenzake. Haikuwezekana. Anayetoka usiku lazima aifue na alfajiri amfikishie mwenzake, kwa hiyo wawili wa sare moja ni lazima wawe majirani, na ujirani haujali kiuno. Kamanda mwenyewe, mpana kama mlango, jirani yake alikuwa yule mwembamba aliyeguna. Mwingine mrefu alipangwa na mfupi, na mmoja mwenye mimba ya miezi sita na msichana wa miaka ishirini.

Akawapima wote, akachukua kipimo cha mkubwa wa kila jozi, akakata. Kiunoni akaweka kamba mbili za kufungia nyuma, pindo akaliacha refu lenye vifungo vya ndani ili mfupi alipandishe. Kila alipomaliza moja aliishika kwa mabega na kuitazama, na kila moja ilimkera. Zilikuwa nguo zisizo za mtu. Akiwa mwanafunzi, aliyemfundisha kazi angezichana hizo na kumrudisha nyumbani.

"Mbona nzuri tu, mama," binti akasema, akishona vifungo.

"Si nzuri. Usijifunze hivi. Hivi ni vya shida."

Mumewe alipiga pasi. Hakujua kupiga pasi, aliunguza pindo moja kidogo na hakusema, na fundi aliliona na yeye hakusema. Jumapili saa tisa alasiri sare kumi na moja zilikuwa zimekunjwa mezani.

*

Asubuhi ya Jumatatu ilipita salama. Kumi na mmoja walipita getini wamevaa kijani, msimamizi akiwa na orodha yake, akitazama nguo na kuweka alama bila kutazama uso. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni mchana. Wa asubuhi hawaruhusiwi kutoka bila sare, maana hupekuliwa getini wakiwa wameivaa. Wa jioni hawaruhusiwi kuingia bila sare. Kwa hiyo pa kubadilishana pakabaki mahali pamoja tu, nje, kando ya ukuta wa hospitali, karibu na mapipa, mahali ambapo barabara inapita.

Kamanda alimpigia simu fundi saa sita. "Njoo na shuka," akasema. "Kubwa."

Saa nane walikuwa pale, fundi ameshika ncha moja na binti ncha nyingine, wamelitandaza shuka la kitanda chao kutoka ukutani mpaka kwenye pipa. Nyuma yake wanawake waliingia wawili wawili. Anayemaliza anavua, anabaki na nguo ya ndani, anajitupia kanzu yake ya nyumbani haraka haraka. Anayeanza anapokea. Sare zilikuwa zimeloa mgongoni na kwapani, zilinuka dawa ya sakafu na saa nane za wodini, na kwenye moja kulikuwa na doa ambalo mwenyewe alisema ni chai, na mwenzake akakubali kwamba ni chai. Wapita njia walipunguza mwendo. Mwanamume mmoja akauliza wanauza nini.

Kamanda alivua ya kwake, akaikung'uta, akampa yule mwembamba. "Nimetoka nayo wodi ya watoto," akasema. "Usijipanguse nayo uso."

Yule mwembamba akaivaa. Kitambaa kibichi kiligoma kuteleza mgongoni, ikabidi aivute. Akafunga zile kamba mbili kiunoni, akazikaza, na nguo iliyobaki ikajikusanya nyuma kama mzigo. Akatoka nyuma ya shuka, akasimama mbele ya fundi.

"Nilikusema vibaya ile siku," akasema. "Nisamehe. Asante, fundi. Umetusitiri."

Alimaanisha. Macho yake yalikuwa safi kabisa. Fundi angeweza kulivumilia tusi, tusi angelijibu, lakini lile neno asante lilimwingia rohoni likakaa vibaya. Alitaka kumwambia kwamba hapo alipo hajasitirika, kwamba amevaa jasho la mwenzake katikati ya barabara kwa sababu mahali fulani kuna watu waliokaa kwenye viti, wakapanga kwamba anayenyamaza amenunua, na wale watu leo mchana wamekula vizuri, na hakuna ukuta wala geti lao ambalo yeye angeweza kwenda kusimama mbele yake akawatukana mpaka sauti ikauke. Alitaka pia kumwambia kwamba laki moja nyingine haitarudi, kwa sababu yeye mwenyewe aliandika nakubali.

Lakini msimamizi alikuwa ameanza kuita majina.

"Wahi," akamwambia. "Unaitwa."

Mwembamba akakimbia, mkono mmoja umeshika nguo kiunoni. Jozi sita zilikuwa bado hazijabadilishana.

"Inua juu, fundi," Kamanda akasema. "Kuna wanaume wanapita."

Fundi akainua, akakaza mikono, na akabaki hivyo mpaka wa mwisho alipomaliza kuvaa.